Matembezi ya Admirali Cunningham London: vita wanasimulia vizuri, familia usipouliza huambiwi

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyokata ntaeleza.

Hii ni review ya matembezi ya miguu ya kampuni moja ndogo hapa London, jina naliacha maana nina malalamiko kidogo na sitaki kuharibia mtu biashara kwa mambo yanayorekebishika. Wanakutembeza masaa mawili na ushee kuanzia Trafalgar Square mpaka kiwanja cha Horse Guards, na stori yote ni ya mtu mmoja, Andrew Cunningham, admirali wa Uingereza aliyeongoza meli zao za Mediterania vita ya pili ya dunia. Nililipa pauni 25. Kwa London hiyo sio hela ya kulia, chakula cha mchana tu na soda inakaribia hapo.

Mnaanzia kwenye ukuta wa kaskazini wa Trafalgar Square. Watu wote pale shingo juu wanampiga picha Nelson kwenye nguzo yake, hakuna anayeangalia ukutani, na ukutani ndo kuna sanamu tatu za vichwa. Wawili ni Jellicoe na Beatty, maadmirali wa vita ya kwanza, waliwekwa 1948, wa tatu ndo huyu Cunningham, kachongwa na Franta Belsky na sanamu ikazinduliwa 1967 na Prince Philip mume wa Malkia. Hapo muongozaji wetu, mzee mmoja mstaafu wa jeshi la majini, akatuuliza kwa nini Philip na sio mtu mwingine, watu kimya, akasema subirini. Nikajua hapa nimepata mtu anayejua kusimulia.

Jibu ni Matapan, vita ya baharini karibu na Ugiriki, na kwa kweli kipande hiki peke yake kinarudisha nusu ya hela yako. Machi 1941, Cunningham yuko Alexandria Misri, watu wa Bletchley Park, wale wavunja siri wa Uingereza, wamefungua ujumbe wa siri wa Waitaliano wanajua meli zao zinakuja kuvamia misafara ya kwenda Ugiriki. Shida Alexandria imejaa macho, na balozi mdogo wa Japani anapenda kuchungulia bandari na kupeleka habari. Mzee akafanyaje, tarehe 27 mchana akashuka nchi kavu na begi la kulala kabisa, akaenda zake klabu ya gofu mahali ambapo yule balozi lazima amuone, yani mtu aliyetulia hana safari. Giza lilipoingia akarudi kimyakimya kwenye meli yake ya Warspite na manowari zote zikang'oa nanga.

Kesho yake ndege kutoka Formidable, ile meli inayobeba ndege, zikaipiga kwa torpedo, yani bomu linalokwenda chini ya maji, manowari kubwa ya Waitaliano Vittorio Veneto, ikapunguza mwendo lakini ikaponyoka. Jioni wakaipiga nyingine, Pola, hiyo ikasimama kabisa baharini haina umeme wala injini. Admirali Iachino wa Italia hakujua Waingereza wako karibu kiasi gani, akarudisha meli Zara na Fiume pamoja na destroya kadhaa (meli ndogo za kivita zenye mbio) wakamsaidie mwenzao, na meli hizo hazikuwa na rada wala mabaharia wake hawakufundishwa kupigana usiku, ni sawa na kucheza mpira gizani na timu pinzani ndo yenye tochi. Saa nne na nusu usiku Warspite, Valiant na Barham wakawasha taa na kufyatua mizinga ya inchi 15 kwa umbali wa kama kilomita tatu na nusu, umbali ambao kwa mizinga ile ni pua kwa pua. Dakika chache tu zimekwisha. Mmoja wa waliokuwa wanaongoza zile taa kubwa za kumulika, juu ya Valiant, alikuwa kijana wa miaka 19 anaitwa Philip, wa ukoo wa kifalme wa Ugiriki uliofukuzwa kwao, huyo huyo aliyekuja kuzindua sanamu miaka 26 baadae.

Waitaliano walipoteza kruza (meli za kivita za ukubwa wa kati) tatu na destroya mbili na watu zaidi ya 2,300. Waingereza ndege moja na watu wake watatu. Mzee hakusimulia kwa kushangilia, na hilo nililipenda sana. Alitwambia asubuhi yake Waingereza waliokoa watu kama 900 kutoka majini mpaka hofu ya ndege za Wajerumani ikawalazimu kuondoka, na Cunningham akawatumia Waitaliano ujumbe wa wazi kuwaambia wenzenu wako hapa njooni, ikaja meli ya hospitali Gradisca ikaokoa wengine. Kuna vijana wawili kwenye kundi letu walikuwa wanachat muda wote, hapo wakaweka simu chini.

Sasa malalamiko. Mtandaoni wameandika kundi dogo, sisi tulikuwa kundi la harusi. Wanakupa kifaa cha kusikilizia sikioni na changu kilikuwa kinakwaruza kila basi jekundu likipita, na pale Trafalgar mabasi hayapungui, ukijumlisha maji ya chemchemi unasikia neno moja unakosa mawili. Niliomba kingine nikaambiwa vimeisha. Ikabidi nisogee nisimame ubavuni kwa mzee kama mlinzi wake, na nadhani ndo maana nilifaidi kuliko wengine maana nilikuwa naweza kumuuliza maswali.

Na maswali yangu yalikuwa ya familia. Ratiba yao yote ni kazi tu, alizaliwa, akaingia jeshini, akapigana, akapewa cheo, basi. Walichosema bila kuulizwa ni kwamba kazaliwa Januari 1883 Rathmines, Dublin, wazazi Waskoti, baba yake Daniel Cunningham profesa wa anatomia, na babu zake wote wawili walikuwa wachungaji. Nyumba ya vitabu na sala, hakuna baharia. Siku moja baba, yuko mbali, akapiga telegramu nyumbani kumuuliza mtoto je ungependa kuingia jeshi la majini, dogo ana kama miaka kumi, akajibu ndiyo ningependa kuwa admirali. Hakusema baharia wala kapteni, kaomba cheo cha juu moja kwa moja, na akakipata. Akaenda chuo cha Britannia 1897, akapigana nchi kavu Afrika Kusini kwenye vita ya Makaburu akiwa kijana mdogo, halafu kuanzia 1911 mpaka 1918 akawa kapteni wa destroya moja tu, Scorpion, miaka saba meli moja, toka vita ya Dardanelles kule Uturuki na kuendelea. Haya yote yamesimuliwa kwa dakika tano tukiwa tunavuka barabara.

Nikamuuliza, mzee, huyu bwana hakuwa na mke? Akacheka, akasema alikuwa naye, alioa kachelewa, Desemba 1929 ana miaka 46, mke anaitwa Nona Byatt, hawakupata watoto.

Byatt! Wabongo wenzangu mliosoma historia mnajua kwa nini niliruka. Nikamwambia hebu rudia. Akasema ndiyo, Nona Byatt, walikutana Trinidad wakati kaka yake Sir Horace Byatt ni gavana wa kule na Cunningham ni kapteni kwenye meli za West Indies. Basi huyo Horace Byatt kabla hajapelekwa Trinidad alikuwa wapi, alikuwa Dar es Salaam. Ndo Mwingereza wa kwanza kutawala Tanganyika, toka 1916 akisimamia eneo walilowanyang'anya Wajerumani halafu gavana kamili kuanzia 1920 mpaka 1924, ni wakati wake nchi ilipoanza kuitwa Tanganyika na 1922 ndo ikatoka sheria ya kufuta utumwa. Kwa hiyo shemeji yake na admirali aliyewazamisha Waitaliano Matapan ndo yule gavana wetu wa kwanza wa Kiingereza. Mzee wa watu alikuwa anamjua Byatt wa Trinidad tu, Tanganyika ilikuwa habari mpya kwake, akatoa kijidaftari mfukoni akaandika, nikamuona muungwana kweli, wengine wangejifanya walikuwa wanajua. (Na usichanganye, baba yake Nona naye alikuwa Horace Byatt, mwalimu mkuu wa shule kule Midhurst. Baba Horace, mtoto Horace, hawa watu majina waliyabania.)

Tukaanza kupiga stori mimi na yeye huku kundi linatufuata, ndo nikauliza na ndugu zake je. Hapa ndo kuna kitu ambacho mimi ningekiweka mwanzo kabisa wa matembezi kama kampuni ingekuwa yangu. Mdogo wake, Alan Cunningham, alikuwa jenerali wa jeshi la nchi kavu. Na alikuwa wapi mwaka huo huo wa 1941? Kenya! Ndo kamanda wa majeshi ya Afrika Mashariki aliyewavamia Waitaliano wa Somalia na Ethiopia. Februari 14 wameingia Kismayu, Februari 25 Mogadishu, Machi 26 Harar, Aprili 6 Addis Ababa. Angalia tarehe hizo halafu kumbuka Matapan ni Machi 28. Wiki hiyo moja kaka anawapiga Waitaliano baharini, mdogo anawapiga nchi kavu, toto mbili za mwalimu wa anatomia. Na aliokuwa nao Alan ni askari wa Afrika Kusini, Nigeria, Gold Coast (Ghana ya leo), na wa Keya (King's African Rifles), babu zetu hao, wale tuliokuwa tunaona koti lake la khaki limetundikwa ukutani na hakuna mtoto anaruhusiwa kuligusa.

Sasa niambie, unatembeza watu London, jiji limejaa watu kutoka Kenya, Uganda, Tanzania, Nigeria, Ghana, na una stori kama hii mkononi, halafu unaiacha mpaka mtu mmoja mwenye earphone mbovu akuulize. Hapo ndo nilipokata ile nyota. Kifaa kibovu ningesamehe.

Maana bila familia huielewi Novemba 1941. Alan baada ya Addis akapewa jeshi la nane la Waingereza kule Misri na jangwani mambo yakamwendea kombo, tarehe 26 Novemba mkubwa wake Jenerali Auchinleck akamuondoa katikati ya mapigano. Siku moja kabla, tarehe 25, nyambizi ya Wajerumani imezamisha Barham, moja ya zile manowari tatu za Matapan, imelipuka na zaidi ya watu 850 wakafa, na Andrew yuko baharini humo humo na meli zake. Halafu hata mwezi haujaisha, Desemba 19, wapiga mbizi sita wa Kiitaliano wameingia bandari ya Alexandria wamekalia torpedo kama punda, wakatega mabomu chini ya Valiant na Queen Elizabeth, na Cunningham mwenyewe amelala ndani ya Queen Elizabeth. Zote mbili zikakaa chini. Bahati maji ya bandari mafupi, deki zilibaki juu, basi mzee akaamuru shughuli za kila siku ziendelee pale juu, bendera inapandishwa, bendi inapiga, ili ndege za adui zikipiga picha zione meli nzima. Hayo yote ni ndani ya wiki nne. Muongozaji alisimulia Barham na wapiga mbizi vizuri sana lakini habari ya mdogo mtu kufukuzwa kesho yake baada ya Barham ilibidi niivute mimi.

Sehemu nyingine waliyoipitia juu juu ni Wafaransa, na kwangu mimi hilo ndo tendo lake kubwa kuliko hata Matapan. Julai 1940 Ufaransa imeshasalimu amri, London inaogopa meli za Ufaransa zitaangukia kwa Hitler. Kule Mers-el-Kébir Algeria Waingereza wakawafyatulia wenzao wa jana, Wafaransa karibu 1,300 wakafa. Alexandria pia kulikuwa na manowari za Ufaransa chini ya Admirali Godfroy, mizinga imeelekezana bandari moja, na simu za London zinamsukuma Cunningham amalize. Akagoma kukimbilia risasi. Akazungumza na Godfroy, akawatuma makapteni wake wakaongee na mabaharia wa Kifaransa meli kwa meli, mwisho Wafaransa wakakubali kumwaga mafuta na kutoa sehemu muhimu za mizinga, hakufa mtu hata mmoja. Dakika mbili tu walizipa stori hiyo. Mimi ningeipa kituo kizima na kiti cha kukaa.

Krete nayo imesimuliwa vizuri, Mei 1941, wanajeshi wamekwama kisiwani, ndege za Wajerumani zinachagua meli za kupiga, na kuna waliosema tuache tutamaliza meli zote. Hapo ndo akatoa yale maneno yake, kwamba jeshi la majini linajenga meli kwa miaka mitatu, lakini kujenga desturi mpya itachukua miaka 300, uokoaji unaendelea. Walitoa watu kama 16,500. Bei yake kruza tatu na destroya sita, na mabaharia zaidi ya 1,800. Mtu mmoja kwenye kundi akauliza ilikuwa sawa kweli kufanya vile, na muongozaji badala ya kujibu kizalendo akasema wake za mabaharia wale labda wangekujibu tofauti na mimi. Nikampa tano.

Kutoka pale mnapita Admiralty Arch, lile jengo la tao lililofungua barabara ya kwenda ikulu yao, zamani mkuu wa jeshi la majini alikuwa na makazi humo, siku hizi wamelipangisha kwa miaka mingi liwe hoteli. Hapo ndo unapata kisa cha 1943. Mkuu wa jeshi la majini Dudley Pound mgonjwa, Churchill anatafuta mkuu mpya na Cunningham hakuwa chaguo lake la kwanza, nadhani kwa vile si mtu wa kukubali kila kitu, akamtaka kwanza admirali mwingine, Bruce Fraser. Fraser akajibu mimi nadhani meli zangu zinaniamini, lakini Cunningham anaaminiwa na jeshi zima. Mwanaume anakataa cheo cha juu kabisa kwa sentensi moja! Ikabidi Churchill ampe Cunningham, na ndo alikuwa mkuu mpaka 1946, kutua Normandy kumepita mikononi mwake. Mwezi mmoja kabla ya kuondoka Mediterania alikuwa amewatumia London ule ujumbe wa Septemba 1943 kwamba meli za kivita za Italia zimetia nanga chini ya mizinga ya ngome ya Malta, na mzee aliusoma kwa Kiingereza chake cha jeshini mpaka wapita njia wakasimama.

Kitu kidogo kitakachokuchanganya: aliyempokea kiti Mediterania anaitwa John Cunningham, na aliyempokea ukuu wa jeshi 1946 ni huyo huyo John Cunningham, na hawana undugu wowote. Kuna mama mmoja alibishana kabisa kwamba lazima ni ndugu, mpaka tukacheka.

Mwisho mko Horse Guards mbele ya lile handaki la zege la Admiralty lililojengwa 1940 na 1941, kubwa, baya kwa sura, majani yamelitambaa. Hapo wanamalizia maisha yake: akapewa cheo cha kurithiwa cha Viscount Cunningham wa Hyndhope, yeye na Nona wakaishi Bishop's Waltham kule Hampshire, 1953 akashika nafasi ya heshima kwenye kutawazwa Malkia, akafariki London Juni 1963 ana miaka 80. Jellicoe na Beatty wale majirani zake wa ukutani wamezikwa kanisa la St Paul's karibu na Nelson, yeye wakampeleka Portsmouth wakamzika baharini kutoka manowari Hampshire. Cheo cha Viscount kikafa naye maana hakuwa na mtoto.

Kama unataka kwenda: vaa viatu vya kutembelea maana sehemu za kukaa hakuna, ukiwa na mzazi mtu mzima muulize kwanza kama anaweza kusimama masaa mawili. Watoto chini ya miaka kumi watachoka, labda kisa cha torpedo kama punda kitawafurahisha. Nenda siku ya katikati ya wiki, mapema, mabasi machache na kundi linaweza kuwa dogo kweli kama walivyoandika. Jaribu kifaa cha sikioni kabla hamjaondoka pale kwenye sanamu, vikiisha vimeisha. Na ukikutana na mzee huyu mstaafu muulize habari za Alan na za Byatt pale pale kituo cha kwanza, usingoje kama mimi mpaka mmefika nusu, anazo nyingi na sasa hivi ya Tanganyika anayo kwenye daftari.